Nyanda Mbili za Bibi Harusi

Gombani,
Chake Chake,
Pemba.

Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa dada yangu Laila,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kabla sijasema lolote, nijuze hali yako. Kifua kimepoa? Mara ya mwisho tulipozungumza ulikuwa unakohoa katikati ya kila salamu, nami nikajiuliza hiyo baridi ya Sumbawanga inakufanya nini wewe uliyezoea kulala dirisha wazi. Shemeji Hamdan hajambo? Na Rajab wetu, meno yameshatoka mangapi? Sisi huku wazima, alhamdulillah. Masika yamekwisha, matope yanaanza kukauka, na Idd el-Haj tumeisherehekea kwa amani. Idd Mubarak, dada, ingawa nimechelewa kwa juma zima.

Ulinambia simu hazina utamu, zinakatika pale pale habari inaponoga, nikuandikie barua ndefu uisome mara tatu. Haya, keti kitako. Nina habari ya Bibi na macho yake, lakini siwezi kuifikia bila kupitia kwenye matairi ya gari. Ndiyo, matairi. Usicheke kwanza.

Kesho kutwa natimiza miezi miwili ya ndoa. Bado kila asubuhi najitazama kwenye kile kioo kidogo cha mlangoni na kujiambia, "Wewe Asma, mke wa mtu," halafu nacheka peke yangu. Dada, Ashraf wangu! Unajua ni bwana mifugo, kazi yake kuzunguka mashamba kutibu ng'ombe na mbuzi, na akirudi jioni ananukia dawa ya kupe. Harufu hiyo naingoja mlangoni kama wenzangu wanavyongoja udi. Akiniita "mke wangu" mbele ya watu hushusha sauti, utadhani neno lenyewe ni halua na anaogopa wengine watamwomba. Mama mkwe ananitania kwamba nikiendelea kumtazama mwanawe hivi, nitamtoboa.

Lakini furaha yangu ilikuwa na tundu moja, nawe unalijua. Wewe hukuweza kuja harusini kwa ajili ya homa ya mtoto, na Bibi Mwanabaraka, aliyetulea sisi wawili tangu mama alipofariki, naye hakuja. Siku ile mvua iliikata njia ya Mtondooni, akabaki huko bondeni na mjomba Jabir. Nilimpigia simu nikiwa nimeshapambwa. Akasema, "Nieleze, mjukuu wangu. Hina imefika wapi?" Nikamweleza kidole kwa kidole. Akasema, "Haya. Lakini mie nataka kukuona, si kukusikia."

Na kuona kwenyewe ndiko kulikokuwa kunamtoka. Daktari alimpima wakati wa kiangazi akasema jicho la kulia lina mtoto wa jicho na linafaa kupasuliwa, ila lisingoje mwaka mwingine, maana la kushoto alikwisha kuchelewa nalo. Madaktari wa macho walikuwa waje Chake kwa siku nne tu, na jina la Bibi liliandikwa Jumatano ya tarehe saba Mei, kabla ya adhuhuri. Asipofika, nafasi yake anapewa mwingine, naye anabaki na kiza chake.

Sasa, kumtoa Mtondooni ndiyo kazi. Unaikumbuka ile njia: mifereji miwili iliyochimbwa na magari ya ng'ombe, na katikati yake tuta la udongo mwekundu lililoota majani. Mgonjwa wa huko hubebwa kwa kitanda cha kamba mpaka barabara ya lami. Mjomba alipomtajia Bibi kitanda, alimkata kauli: "Kitanda kitanibeba mara moja tu, Jabir, na siku hiyo sitakuwa na habari nacho." Pikipiki nayo aliijaribu mwaka jana. Alishuka baada ya hatua kumi, akasema hawezi kumkumbatia mwanamume ambaye hata jina la baba yake halijui.

Likabaki gari la Ashraf. Ni ile Suzuki ndogo ya milango miwili aliyoachiwa na ami yake, kuukuu lakini haikatai shamba. Siku mbili baada ya fungate yetu tulikwenda kuijaribu njia, mimi na yeye tu, na mkate wa kumimina kwenye kitambaa, nikijiona kama malkia anakwenda kukagua nchi yake. Nusu ya njia gari likakaa juu ya lile tuta kama kuku anayeatamia. Magurudumu ya nyuma yalizunguka bila kugusa kitu.

Unanijua mimi. Siwezi kuona kitu kimenasa nisitake kujua kimenasa wapi. Nilivua viatu, nikainama mpaka mtandio ukagusa matope, nikachungulia uvunguni. Kuna kitu huko nyuma, dada, kama boga la chuma, limekaa katikati baina ya magurudumu mawili. Ashraf akanambia ndiyo difu. Basi boga hilo ndilo lililokuwa limelala juu ya tuta, limechimba mfereji wake mdogo kwenye udongo. Ashraf akatia kidole kwenye ule mfereji akaupima.

"Wanda mmoja," akasema. "Mke wangu, kilichotuzuia ni wanda mmoja tu."

Neno hilo lilinichekesha hapo hapo matopeni. Unakumbuka Bibi alivyotufundisha kupika wali? Maji yapite juu ya mchele kwa wanda mmoja, upana wa kidole, wala hakuna kikombe wala kijiko. Wali wako ulikuwa unaiva kila siku. Wangu ulikuwa na viini, Bibi anafoka, "Maji umeyaogopa!" na mimi naapa kwamba nimepima. Ishike kumbukumbu hiyo, nitaihitaji huko mbele.

Tulilinasua gari kwa jembe na makumbi ya nazi, tukarudi Chake. Ashraf alikuwa amenuna, si kwa gari, kwa aibu. Alishamwahidi Bibi kwa simu, "Nitakuja kukuchukua mlangoni, Bibi, hutakanyaga tope." Ahadi ya kwanza ya mkwe mpya. Nilimmenyea chungwa, akalila lote bila kulionja.

Kesho yake tukaenda kwa fundi Mmanga, gereji yake iko karibu na uwanja hapa Gombani. Ni mtu mnene, mcheshi, na vidole vyake ni kama ndizi mkono wa tembo. Ashraf akamwambia anataka matairi makubwa kabisa, ya kutisha.

"Kwa ringi hizi?" fundi akauliza.

"Kwa ringi hizi hizi."

"Bwana harusi, umeoa majuzi, usituletee mashindano. Ringi yako nyembamba. Hayo unayoyataka yatavimba ubavu kama andazi, na ukikata kona yatakula madigadi. Tena itabidi ninyanyue springi, nikate bati. Unataka njia au unataka sifa?"

"Nataka wanda mmoja," Ashraf akasema, mpole ghafla.

"Sema hivyo! Wanda mmoja nitakupa, na ringi zako nakuachia."

Mimi nilikuwa nimesimama kando kama mke mwenye adabu, lakini nikashindwa kunyamaza. Ringi ni ile ile, tairi ni kubwa zaidi, linaingiaje? Nikauliza. Fundi hakunicheka. Alifuta mikono akanitazama.

"Unashona kofia, bibi harusi?"

"Nashona, fundi."

"Kichwa cha mumeo inchi ngapi?"

"Ishirini na mbili na nusu," nikajibu haraka mno, na uso ukanipata moto. Dada, wewe unajua kwa nini. Kofia yake ndiyo iliyotukutanisha. Mama yake alipoileta kazi ile kwangu, mwenyewe alikuja kupimwa, nami nikauzungusha uzi kichwani mwake mara tatu kwa kisingizio kwamba umeteleza. Haukuteleza.

"Basi," fundi akasema, "ukimshonea kofia ya ukuta mfupi, na nyingine ya ukuta mrefu, ipi haitamwingia?"

"Zote zitamwingia."

"Umemaliza. Ringi ndiyo kichwa. Kichwa hatukigusi. Tunarefusha ukuta wa kofia."

Nilihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Akanionyesha namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, ambazo miaka yote nilidhani ni mapambo. Ya mwisho, kumi na tano, ni inchi za kichwa, yaani ringi. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya kati ndiyo iliyonipendeza: si kipimo, ni sehemu ya mia. Matairi ya zamani yalikuwa mia mbili na tano kwa sabini, maana yake ukuta ni sabini katika mia ya upana. Mapya yawe mia mbili na kumi na tano kwa sabini na tano. Usiku ule mwalimu wetu wa hesabu pale skuli angeniona ninavyozidisha na kugawanya kwa furaha, angelia machozi.

Matairi yakaagizwa Unguja, yakaja kwa boti ya mizigo hadi Wesha. Wenzangu wakiolewa huletewa mikufu na marashi. Mimi mume wangu alinipeleka bandarini kupokea matairi manne, na wallahi sikuona kilichopungua. Nilikaa juu ya mojawapo nikila karanga, yeye amesimama mbele yangu kunikinga jua.

Nyumbani sikuridhika na maneno, nilitaka kuona. Nililitia tairi jipya alama ya chaki, nikalisukuma uani mzunguko mmoja, nikapima kwa uzi wa kofia. Nikafanya vivyo hivyo kwa la akiba la zamani. La zamani lilikwenda mita mbili na sentimita kumi, jipya mita mbili na ishirini na moja. Nikagawanya kama tulivyofundishwa: kutoka katikati ya gurudumu mpaka chini, tumepata karibu sentimita moja na robo tatu. Nikamwita Ashraf aweke kidole chake juu ya rula. Kikaenea barabara! Wanda mmoja! Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele barazani. "Mwaka huu nimeona," akasema. "Mwanamke anashonea gari kofia."

Jambo jingine lililonishangaza: gari halijui kwamba limevaa kofia mpya. Linahesabu mizunguko tu. Mshale wa mwendo ukisema tunakwenda arobaini, kweli tunakwenda arobaini na mbili. Nilimwambia Ashraf kwamba na mimi niko hivyo hivyo. Usoni naonyesha arobaini, moyo umeshapita. Alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa ya tarehe mbili fundi akayavisha. Ilinibidi nione yote. Kwanza alitoa upepo, akalibandua tairi la zamani kwenye ringi kwa vyuma viwili, akapaka povu la sabuni kwenye mdomo wa jipya, akalisukumiza. Kisha akajaza upepo, tairi likawa linajinyoosha kidogo kidogo, na ghafla, pwa! Nilirukia mgongoni kwa mume wangu. Pwa! la pili. "Limekaa," fundi akasema, "halitoki tena mpaka lipewe talaka."

Gurudumu la nne lilipofungwa, adhana ya Ijumaa ikaanza. Fundi akavaa kanzu yake juu juu huku akituagiza: "Kateni usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto. Baina ya tairi na madigadi zipite nyanda mbili. Zikipita, nendeni zenu. Zisipopita nisubirini, nikate ile plastiki ya ndani." Akaondoka mbio.

Ashraf akaingia kwenye usukani, akakata. Mimi nikachuchumaa, nikavitia vidole vyangu viwili, hina bado nyekundu kama juzi. Vikapita. Upande wa pili, vikapita.

"Zimepita!" nikapiga kelele.

Akashuka, akavishika vile vidole viwili mbele ya wapita njia wote, akaviachia haraka kama vinamuunguza, akakimbilia msikitini. Mimi nikabaki nimeegemea gari, naona dunia nzima imepimwa ikaenea.

Jumatano tukaondoka baada ya alfajiri. Mvua ilinyesha usiku na mifereji ilikuwa imejaa maji, lakini mjomba Jabir alikuwa ameshatupia makumbi kwenye mashimo mabaya. Tulipofika pale palipotushinda, nilishika kiti kwa mikono miwili. Tulisikia majani ya tuta yakipita uvunguni, shaa, kama mkono unaopapasa mkeka. Boga la chuma halikugusa. Ashraf alinitazama tu, na macho yake yalikuwa na maji.

Bibi alikuwa ameshavaa, amekaa mlangoni juu ya kiti, mkoba mapajani. Alisikia gari, akainuka mwenyewe. "Umefika mlangoni kweli?" akauliza. Ashraf akamshika mkono akauweka juu ya bati la gari. Akalipapasa. "Mkwe ana ulimi wa kweli," akasema.

Sasa ndipo kosa letu lilipotoka nje. Mimi na hesabu zangu zote, uzi na chaki na sehemu za mia, nilihesabu watu watatu. Nani Pemba hii aliwahi kumwona mgonjwa anakwenda hospitali peke yake, kama barua? Akapanda mjomba Jabir. Akapanda mke wake. Wakapanda majirani wawili na beseni la vyakula. Akapanda mzee Nyange mwenye ng'ombe mgonjwa, apate kumweleza Ashraf dalili njiani. Watu wanane kwenye gari la watu wanne! Nilimtazama Ashraf aseme neno. Mkwe wa mwezi usiotimia, mbele ya ukoo mzima, atamwambia nani ashuke? Akatabasamu tu, akatia gia.

Kona ya kwanza tukasikia: kwaruu! Kona ya pili: kwaruuu, na harufu ya mpira unaoungua. Ashraf akasimamisha gari. Gari lilikuwa limekaa chini kwa uzito, na tairi la mbele limebana kwenye madigadi, limeshajikwangua. Saa mbili na nusu asubuhi, na Chake bado mbali. Nikampigia fundi, nikaweka sauti ya wazi, wote wasikie.

"Nyanda mbili hamkupima?" akauliza.

"Tulipima, fundi! Zilipita."

"Nyanda za nani?"

Nikaitazama mikono yangu.

"Bibi harusi, nakuuliza. Vidole vya nani?"

"Vyangu."

"La haula! Vile vya kushonea kofia? Viwili vyako ni kimoja changu! Na gari lilikuwa na watu?"

"Lilikuwa tupu."

"Basi hamna la kufanya. Shusheni watu, abaki dereva na mgonjwa. Na asikate usukani mpaka mwisho. Kona kali aende mbele arudi nyuma. Mkilazimisha, tairi litapasuka."

Simu ikakatika. Kila mtu alimtazama mwenzake. Mke wa mjomba akasema yeye ndiye anayejua dawa za Bibi. Majirani wakasema chakula hakiwezi kutembea. Mzee Nyange akashika goti lake. Ashraf alikuwa anatoka jasho kama anazalisha ng'ombe, na mimi nilikuwa naliona jina la Bibi linafutwa kwenye karatasi, kwa vidole vyangu hivi hivi.

Bibi ndiye aliyesema, bila kugeuka. "Anayeiona njia, ashuke atembee. Mimi ndiye nisiyeiona."

Dada, walishuka kama maji. Mzee Nyange alijaribu kubaki. "Mimi goti, Bi Mwanabaraka." "Goti halina mtoto wa jicho," akamjibu. Akashuka.

Mimi nilitembea mbele kabisa, buibui nimelipandisha, viatu mkononi, nikimwonyesha Ashraf wapi akanyage, na ukoo mzima nyuma ya gari na beseni lao. Kila kona alikwenda mbele akarudi nyuma, mara tatu, mara nne. Kuna mahali gari lilikwenda upande, nikasikia sauti ya Bibi kwenye dirisha: "Bwana mifugo, tazama njia! Mkeo umeshampata." Ashraf akauliza amejuaje. "Gari linakwenda alikosimama yeye. Mie kipofu nimeona."

Kwenye lami niliruka ndani, wengine wakangoja gari la abiria, tukakimbia. Mshale ulisema sitini. Mimi nikamnong'oneza Bibi kwamba ni sitini na tatu. Tulipofika hospitali muuguzi alikuwa ameshaita jina lake mara mbili na kalamu iko juu ya karatasi. Bibi akaitika tangu getini, "Nipo! Msinizike!"

Walimpasua siku ile ile. Alhamisi asubuhi wakamfungua bandeji. Mama mkwe alikuwa amenitia hina upya, nami nikavaa lile gauni langu la harusi ndani ya buibui, nikakaa mbele ya kitanda chake. Alipofunguliwa alipepesa macho muda mrefu. Hakutazama uso wangu kwanza. Alinishika mkono, akauleta karibu, akavitenga vidole viwili, vile vile.

"Nilisema tangu zamani," akasema. "Kidole cha Asma hakipimi kitu. Hata wali hakijaivisha."

Halafu ndipo akaninyanyulia uso, akanitazama gauni, shingo, wanja, kila kitu, polepole, kama mtu anayekula alichowekewa tangu siku nyingi. Wauguzi walisimama. Ashraf alitoka nje, akasema anakwenda kuangalia matairi.

Fundi Mmanga alilirekebisha gari juma lile lile. Safari hii alimpakia mama mkwe, mimi, Bibi mwenyewe na majirani wawili wanene, ndipo akakata ile plastiki ya ndani na kupima kwa nyanda zake. Bibi alikaa kwetu wiki mbili, kisha tukamrudisha Mtondooni, watu watano, kona zote, na hakuna kilichokwaruza. Kwangu nimepiga marufuku kupika wali kwa kidole. Ashraf ndiye anayepima maji, anakuja jikoni akiitwa, anatia kidole chake, na wali unaiva. Majirani wakijua watasema nini sijui.

Mpe shemeji Hamdan uzi niliouweka ndani ya bahasha, auzungushe kichwani, akate ulipokutana, aurudishe. Namshonea kofia ya ukuta mrefu. Mjomba Jabir na mkewe wanakusalimu, mama mkwe anakusalimu, na mzee Nyange anaomba ujue kwamba ng'ombe wake amepona. Ashraf anasema, shemeji, njoo, atakuja kukupokea popote gari linapofika na hata lisipofika. Mbusu Rajab mashavu yote mawili. Mwenyezi Mungu awahifadhi huko mliko, awape afya na riziki ya halali, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana kwa macho.

Kabla hujaikunja barua, tazama kona ya chini kushoto. Lile ua dogo la uzi wa kijani lililoshonwa kwenye karatasi si kazi yangu. Juzi tulipokwenda kumtembelea Bibi aliniomba sindano, akavaa miwani waliyompa, nami nikanyoosha mkono nimtungie uzi kama miaka minne hii yote. Akanipiga kofi la mkono. "Uache," akasema. "Hii ya Laila."

Aliutunga kwa jaribio la kwanza.

Mdogo wako akupendaye kuliko anavyoweza kupima,

Asma